Bembea ya Nengo ijengwe kwa kitu gani?

Jumamosi mchana ufukwe wa Nengo hujaa watu. Mtaa huu wa Gisenyi, wilayani Rubavu, Rwanda, umeegemea Ziwa Kivu na hauko mbali na mpaka wa Goma, Kongo, hivyo wanaokuja kupunga upepo hutoka pande zote mbili: familia zilizopanda basi kutoka Kigali na Musanze, ndugu waliovuka mpaka asubuhi na watakaorudi kabla ya jioni, vijana wa mjini na mpira wao. Watoto ni wengi. Mfanyabiashara mwenye jicho akisimama hapo nusu saa ataanza kuona mambo ambayo pwani hii ya ziwa ingeweza kuwa nayo: gurudumu kubwa la kuzunguka, mashua ya bembea, mteremko wa maji.

Naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Watoto wa mpaka huu wamekatizwa michezo na matetemeko, volkano na habari za vita mara nyingi mno. Wana haki ya kupiga kelele za furaha. Ila kabla ya kuzungumzia rangi, taa na bei ya tiketi, kuna swali linalopaswa kutangulia: bembea hiyo itajengwa kwa kitu gani?

Jibu la haraka ni chuma, tena kinene. Jibu hilo halitoshi. Kitu cha kujengea bembea hakichaguliwi kwa nguvu zake peke yake. Huchaguliwa kwa namna kinavyochakaa, na kwa uwezo wa watu wa mahali pale kuuona uchakavu huo ukiwa bado mdogo.

Kutu ya ndani ya bomba

Tarehe 26 Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio mjini Columbus, Marekani, mashine iitwayo Fire Ball ilikatika ikiwa hewani. Mashine hiyo ina mkono mrefu unaobembea huku na huku, na kwenye ncha yake kuna makundi ya viti yanayozunguka. Boriti iliyoshikilia kundi moja la viti ilivunjika, abiria wakarushwa. Mtu 1 alifariki na 7 walijeruhiwa. Wakaguzi walikuwa wameipitisha siku ileile.

Siku chache baadaye kampuni ya Uholanzi iliyoiunda, KMG, ilieleza kilichotokea. Kutu ilikuwa imeila boriti kwa ndani, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukuta wake ukawa mwembamba kupita kiasi cha hatari. Mashine ilikuwa na umri wa miaka 18.

Chuma cha boriti ile hakikuwa dhaifu siku ilipotoka kiwandani. Umbo lake ndilo lililoficha ugonjwa. Bomba hupendwa na waundaji wa bembea kwa sababu nzuri: hubeba mzigo mkubwa kwa kilo chache, na hustahimili kusokotwa kuliko umbo lolote lililo wazi. Mwaka 1959 kampuni ya Arrow Development ilipoijengea Disneyland, California, roli kosta (kitreni cha mchezo kinachopanda na kuteremka kwa kasi) ya Matterhorn, ilitumia reli za mabomba ya chuma, na tangu hapo sura ya mashine hizi duniani ilibadilika. Lakini ndani ya bomba hakuna jicho linalofika. Maji yakiingia kwenye kitundu cha bolti, au unyevu ukigeuka matone humo usiku wa baridi, hubaki humo. Fundi atapaka rangi nje kila mwaka na kuridhika, huku kutu ikiendelea na kazi yake.

Linganisha na jambo lililotokea Charlotte, North Carolina, mwishoni mwa Juni 2023. Roli kosta ya Fury 325, yenye kimo cha mita 99, ilipata ufa kwenye nguzo yake moja. Mgeni mmoja aliuona akiwa chini, akarekodi video, mashine ikafungwa, nguzo ikabadilishwa, na hakuna aliyeumia. Ni aibu kwamba mgeni aliwatangulia wakaguzi. Hata hivyo ufa ule ulikuwa nje, mahali mwanga wa jua unapofika. Mashine zote mbili zilikuwa za chuma. Iliyookoa watu ni ile ambayo jeraha lake lilionekana.

Hesabu ya mashua ya bembea

Kutu ni adui mmoja. Wa pili ni mwendo wenyewe. Daraja la magari hubeba mzigo na kupumzika. Bembea kazi yake ni kwenda na kurudi, na kila mara chuma huvutwa na kulegezwa. Katika karne ya 19 Mjerumani August Wöhler aliyechunguza ekseli za treni alionyesha kwamba chuma huweza kuvunjika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule unaokivunja kwa mara moja, ilimradi mzigo huo urudiwe mara nyingi vya kutosha. Wahandisi huita hali hiyo uchovu wa chuma.

Tufanye hesabu. Mashua ya bembea yenye mkono wa mita 10 huenda na kurudi kwa takriban sekunde 6. Ikiwa ndani ya siku nzima inatembea kwa jumla ya saa 4, hiyo ni mizunguko 2,400. Kwa siku 300 za mwaka inafika 720,000. Mwaka wa tatu hauishi kabla ya kuvuka milioni 2.

Namba hiyo ina maana yake. Kanuni za Ulaya za ujenzi wa chuma, Eurocode 3, hupanga sehemu za chuma kwa madaraja kulingana na mkazo zinaoweza kuuvumilia kwa mizunguko milioni 2. Bamba lililotoka kiwandani, zima, lisilochomelewa, lina daraja la megapaskali 160. Kiungo cha bamba mbili zilizoshikanishwa kwa mchomeleo wa pembeni unaobeba mzigo kinaweza kushuka hadi 36. Chuma ni kilekile. Mchomeleo umekipunguzia zaidi ya robo tatu ya uvumilivu wake, kwa sababu pale ndipo penye vitundu vidogo, kona kali na mikazo iliyoachwa na moto.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Muuzaji akisema, "Hiki si chuma cha S235, ni S355, kina nguvu zaidi," anasema kweli kuhusu mzigo wa mara moja. Kwa uchovu wa kiungo kilichochomelewa, daraja la 36 linabaki 36. Fedha iliyolipia chuma chenye nguvu ingefaa zaidi ilipie viungo vichache, vilivyochomelewa karakana, vilivyopimwa, na vilivyowekwa mahali ambapo mkazo ni mdogo. Penye mkazo mkubwa bolti ni rafiki bora: huweza kufunguliwa, kuangaliwa na kubadilishwa.

Rubavu na Goma zina mafundi wengi wa kuchomelea. Wanatengeneza mageti, matela na mabodi ya malori yanayopanda barabara za Masisi, na mikono yao ni mizuri. Bembea inahitaji jambo jingine juu ya mkono mzuri, nalo ni kipimo. Vipimo vyenyewe si vya ajabu. Kuna rangi nyekundu inayopuliziwa kwenye mchomeleo, ikafutwa, kisha ikafuatwa na unga mweupe. Penye ufa mstari mwekundu hujichora wenyewe. Kuna kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kinachopima unene wa ukuta wa bomba kikiwa nje yake. Kifaa cha aina hiyo ndicho kinachoweza kugundua ugonjwa kama ule wa Ohio bila kutoboa kitu.

Mahali nako huchagua

Vitabu vya uhandisi vimeandikwa kwa miji mingi, lakini kila ufukwe una adui zake. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar adui mkuu ni chumvi ya bahari, inayobebwa na upepo na kutua juu ya kila kitu. Huko hata chuma cha pua cha kawaida huanza kupata madoa, na wajenzi makini hutafuta kile chenye molibdenamu ndani yake. Maji ya Kivu si ya bahari, na hilo ni nafuu kubwa kwa Nengo.

Lakini Nengo ina volkano. Nyiragongo iko umbali wa takriban kilomita 20, na pamoja na jirani yake Nyamulagira hutoa gesi ya salfa ambayo ikikutana na mvua huifanya kuwa na asidi. Vijiji vilivyo magharibi mwa mlima huo vinaijua mvua hiyo kwa mabati yao na mimea yao. Mara nyingi upepo huupeleka moshi upande huo na kuiacha Gisenyi. Si kila siku.

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu kinga ya kawaida ya chuma cha nje ni zinki. Chuma huzamishwa katika zinki iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 450 hivi, na kwa vipande vyenye unene wa zaidi ya milimita 6 viwango vya kimataifa hutaka ganda la wastani wa maikromita 85. Katika hewa safi ya bara, mbali na viwanda, zinki hupotea kwa maikromita 1 hivi kwa mwaka, na ganda hilo linaweza kupita nusu karne. Katika hewa kali hupotea 4 hadi 8, na ganda lilelile linaweza kuisha kwa miaka 10. Mwekezaji wa Nengo asinunue ahadi ya miaka 50 iliyoandikwa kwa ajili ya kijiji cha Ulaya. Atundike vipande vya chuma vilivyopakwa zinki pale ufukweni, avipime kila mwaka, na ratiba ya matengenezo itokane na vipimo hivyo.

Kuzamisha kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Bomba likitobolewa vitundu kwa mpangilio sahihi, zinki huingia na kulikinga ndani pia. Rangi ya brashi haiwezi kufanya hivyo.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalifuatana kwa siku kadhaa, nyumba za Rubavu zikapasuka na nyufa zikakata barabara za mji. Mwaka 2002 pia mlipuko ulifuatana na matetemeko yaliyobomoa nyumba upande huu wa mpaka. Chuma laini cha kawaida kina sifa ya kubarikiwa mahali kama hapa: kikizidiwa, hupinda kwanza. Chuma cha kusubu na zege lisilo na nondo havitoi onyo hilo. Na mchanga wa ufukweni uliolowa maji huweza kulegea ukitikiswa, hivyo nguzo za gurudumu kubwa zifuate mwamba wa volkano ulipo, hata kama mandhari ya mchangani ndiyo yanayouza tiketi.

Mti, na waliouzoea

Watu wa Kivu tayari wana utamaduni wa kuchagua vitu vya kujengea vyombo vinavyobeba watu na mizigo chini ya mtikisiko. Chukudu ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Gari hilo la mbao la magurudumu mawili, ambalo Goma imelijengea sanamu ya rangi ya dhahabu mjini, hubeba mamia ya kilo za viazi, makaa na saruji. Mwili wake huwa wa mkaratusi, magurudumu hutengenezwa kwa mti mgumu zaidi na kuvishwa ukanda wa mpira wa tairi kuukuu. Fundi huchagua mti kwa macho na kwa mkono: anatazama nyuzi zimelala vipi, kifundo kiko wapi, mti umekauka kiasi gani. Watoto hupanda chukudu kwenye miteremko, na kwa wengi wao hiyo ndiyo roli kosta ya kwanza maishani.

Tazama pia mashua za wavuvi wa sambaza. Zinafungwa tatutatu kwa miti mirefu ya mkaratusi, na jioni huingia ziwani na taa zao. Miti ile hupinda na mawimbi na kurudi. Mti una uvumilivu mkubwa wa mizunguko, humeza mtikisiko, na unapoanza kuchoka mara nyingi husema kwa mlio na kwa nyuzi zinazochomoza. Mvuvi hahitaji mtambo kujua kwamba mti mmoja umefikia mwisho.

Hata hivyo nisiusifu mti kupita haki yake. Huko Kings Island, Ohio, roli kosta kubwa ya mbao iitwayo Son of Beast ilifunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2006 mbao ya muundo wake ilipasuka, reli ikabonyea, na abiria 27 walijeruhiwa treni ilipopita hapo. Ilifungwa moja kwa moja mwaka 2009 na kubomolewa 2012. Upande wa pili kuna Leap-the-Dips ya Altoona, Pennsylvania, iliyojengwa mwaka 1902, ambayo ndiyo roli kosta kongwe kuliko zote zilizosimama. Zote mbili ni za mbao. Ya 1902 ni fupi na ya polepole, na mbao zake hubadilishwa moja moja zinapochoka. Son of Beast ilifika mita 66. Mti uliulizwa swali ambalo haukuweza kulijibu.

Kwa Nengo mti unafaa pale mzigo ni mdogo na mkono wa fundi unafika: bembea za watoto wadogo, majukwaa, ngazi, uzio, vibanda vya kivuli. Uwe mkaratusi uliokaushwa na kutiwa dawa, na usizikwe udongoni. Usimame juu ya kiatu cha chuma kilicho wazi, kwa kuwa mti huoza kwanza pale unapokutana na ardhi.

Alumini na faibaglasi nazo zina nafasi zake. Alumini ina uzito wa theluthi moja ya chuma na hailiwi na kutu kama chuma, lakini uchovu wake hauna kikomo: hata mkazo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, hatimaye utaivunja. Kwa viti na vifuniko ni nzuri. Kwa mkono wa mashua ya bembea, inahitaji hesabu kali na tarehe ya kustaafu isiyobadilishwa. Faibaglasi ndiyo hutengeneza miteremko ya maji na maumbo ya wanyama wanayoyapenda watoto. Nengo iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, karibu na ikweta, na jua la hapa huchubua uso wa faibaglasi mapema, nyuzi za kioo zikaanza kuchomoza na kukwaruza ngozi. Iwe ganda tu, na mzigo ubebwe na kitu kingine.

Mashine ya mtumba

Kuna uwezekano mkubwa kwamba bembea ya kwanza ya namna hii mahali kama Nengo haitakuwa mpya. Mashine za burudani huuzwa na kuuzwa tena, bara hadi bara, kama magari. Sina ugomvi na mtumba. Lakini uchovu wa chuma hauanzi upya siku mashine inapopita forodha. Mizunguko iliyokwisha kufanywa katika nchi ya kwanza imo ndani ya chuma, na rangi mpya haiifuti.

Kwa hiyo mnunuzi adai karatasi: michoro ya muundaji, cheti cha daraja la chuma, daftari la saa za kazi, barua za tahadhari ambazo kiwanda kimetuma kwa wamiliki, na orodha ya viungo vilivyowahi kuchomelewa upya. Mashine isiyo na daftari ichukuliwe kuwa mashine iliyokwisha kuchoka. Viwango vya kufuata vipo, ISO 17842 ya kimataifa na EN 13814 ya Ulaya, na Shirika la Viwango la Rwanda lina mahali pa kuanzia bila kuandika kila kitu upya.

Na pale penye shaka, historia inatupa njia ya heshima. Gurudumu kubwa la Vienna, Riesenrad, lilijengwa mwaka 1897, miaka 4 baada ya George Ferris kuwashangaza watu wa Chicago kwa gurudumu lake la mita 80 lenye ekseli ya tani 40. Mwaka 1944 moto wa vita uliliunguza lile la Vienna. Walipolirudisha hawakudai kwamba chuma kilichopitia moto ni kilekile. Kati ya vibanda 30 walirudisha 15. Limepoteza nusu ya vibanda vyake, nalo linazunguka mpaka leo.

Chaguo langu

Nikiulizwa kwa Nengo, nitasema hivi. Zianze mashine ndogo na za chini. Mifupa iwe ya chuma cha kawaida cha S235 au S355, kilichozamishwa katika zinki, kwa maumbo yaliyo wazi kila panapowezekana. Pasipowezekana na bomba likatumika, liwe na tundu la kutoa maji na mahali palipotiwa alama pa kupimia unene. Viungo vyenye mkazo mkubwa vifungwe kwa bolti, mahali ambapo mtu mwenye ngazi anaweza kuvifikia kila asubuhi. Misingi iwe ya zege lenye nondo, juu ya mwamba.

Ujuzi wa kusimamia haya hauhitaji kuagizwa kutoka mbali. Ziwa hili limevutwa gesi tangu mwaka 1963, kituo cha Cap Rubona kilipoanza kukipelekea methani kiwanda cha bia cha Bralirwa. Leo kuna KivuWatt huko Karongi na mtambo mwingine wa umeme hapa hapa Rubavu, na mitambo hiyo haiwezi kuishi bila watu wanaopima kuta za mabomba, kwa kuwa maji ya kina cha Kivu yana gesi inayokula chuma. Wilaya inaweza kuwaomba wahandisi hao wawafundishe vijana wachache wa Gisenyi kazi ya ukaguzi, na kuifanya kuwa ajira inayolipwa kutokana na tiketi.

Mzazi naye ana nafasi yake. Kabla ya kumpandisha mwanawe aombe kuona daftari la ukaguzi la siku hiyo, lenye jina na saini ya mtu. Likiwepo, alipe tiketi kwa moyo mweupe. Lisipokuwepo, amshike mtoto mkono waende kuogelea, na awaambie waliosimama nyuma yake kwenye foleni sababu ya kuondoka.